Dawa Uliyoisaga Karashani

Baba,

Shikamoo. Usipoitikia leo sitakulaumu. Mengine yote nakulaumu.

Tangu tulipokuzika hapa Buseresere nimejaribu kukulilia kama watoto wengine wanavyolilia baba zao, nikashindwa. Nikianza tu, naliona lile karasha lako la kusagia mawe ya dhahabu, hasira zinapanda, machozi yanakauka. Hivi Baba, nani alikutuma?

Uliniuliza kwenye simu tunafanya nini huko maabara. Nikakueleza taratibu, maana nilikuwa najivunia. Tunatoa dawa kwenye majani ya mwarobaini, tunaifungia ndani ya chembe ndogo mno, ndogo kuliko vumbi, ili izame ndani ya kidonda cha mwenye kisukari na kutoka kidogo kidogo. Nikakwambia hatuzisagi, zinatengenezwa kwenye majimaji safi, na bado tunazijaribu kwa panya. Nilikwambia hayo yote. Wewe ukasikia neno moja: ndogo.

Na kwa mtu aliyezeekea karashani, kitu kidogo ni kitu kilichosagwa. "Jiwe halitoi mali mpaka liwe unga," ulikuwa unasema, hata ugali wa mama ukiwa na chenga. Basi ukakausha majani, ukayatia kwenye lile pipa lenye gololi za chuma lililosaga mawe ya kila mchimbaji, ukayasaga hadi yakawa laini kama poda ya mtoto. Ukajinyunyizia kwenye kidonda chako cha mguuni, pamoja na kutu na uchafu wote wa machimbo. Kisha ukanipigia kwa furaha, ukaniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yako: "Mayu, hakiumi tena." Jamani Baba! Mguu ule ulishakufa ganzi zamani, hata ungekanyaga msumari usingeusikia. Daktari aliposema ukatwe, ukamjibu mwanaume haendi kaburini vipande vipande. Haya, umeenda mzima. Tumefaidika nini?

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Baba mdogo Doto, pacha wako, naye ana kidonda kisiginoni. Juzi nimemkuta amekaa kwenye kiti chako pale karashani, na uso wako huohuo, na kopo la unga wako mapajani. Nikamuuliza haoni unga huo ulivyokufanya? Akasema wewe uliuawa na hospitali, kwa kuwa walikukataza dawa yako. Nilikaa juu ya kiroba cha mawe. Nyie watoto wa bibi mmefanana mpaka ubishi.

Nikamnyang'anya kopo. Nikachukua karai, nikamimina ule unga, nikatia maji, nikalizungusha vile ulivyonifundisha tukiosha mchanga. Majani yakaelea, nikayamwaga taratibu. Chini ukabaki mchanga mweusi, na pembeni yake chembe ya njano inang'aa.

Doto akaliinamia lile karai. Hakuna mtu karashani asiyejua kuwa mchanga ule unatoka kwenye mawe yaliyosagwa.

"Kulwa alikuwa anajipaka mawe," akasema, akikutaja jina.

Halafu, usiniambie hukumfundisha wewe, akanyoosha kidole aiokote ile dhahabu. Nikamwaga karai lote chini. Nikalia, Baba. Nikalia mbele ya wachimbaji wote, na Doto akanishika bega kwa mkono unaofanana na wako, ikawa mbaya zaidi.

Jana tumekwenda kliniki. Kidonda kimesafishwa, mguu wameuacha. Amebishana na nesi kuhusu sindano, kuhusu soda, kuhusu kila kitu, lakini kesho tunarudi.

Dawa yetu bado iko kwa panya, na huenda isifaulu. Ikifaulu, sitaieleza kwenye simu. Nitakuja na karai hapo karashani, niwaoneshe wote mpaka wanichoke. Na Doto hatakufuata kwa kidonda hiki, nakuahidi. Mngoje kwa jambo lingine.

Pumzika sasa. Na huko uliko, ukiambiwa jambo, sikiliza mpaka mwisho.

Mwanao,
Kabula