Maziwa Yanakuja

Endulen

Dada yangu Nanyokie,

Huku baridi imezidi, ila tunaamka. Tangu niache kuigiza tamthilia na kuanza kutunga nyimbo, hoteli za Karatu zinaniita kila wikiendi. Wimbo unaopendwa zaidi nimeutoa kwenye ule aliokuwa akiuimba mama akikamua ng'ombe.

Jana niliufanyia mazoezi nyumbani. Mama, ambaye sasa hata jina langu halikumbuki, akausikia, akachukua kibuyu cha maziwa akaingia zizini. Unajua zizi ni tupu tangu ukame. Akauliza ndama yuko wapi. Nimeshaigiza watu wengi, dada. Nikapiga magoti, nikalia kama ndama.

Akanipapasa kichwa, akasema, "Subiri, maziwa yanakuja."

Njoo, dada. Mimi nimeshindwa.

Mdogo wako,
Nashipai