Yai la Baba Yako

Mjukuu wangu mpendwa Mwende,

Sisi wa hapa mtaani Jericho, Nairobi, hatujambo. Babu yako amepona kikohozi. Umeniuliza kwa nini akina mama wa huko Kitui uliko huuza mayai yote ilhali watoto wao wamedhoofika. Hata mimi nilifanya hivyo. Baba yako alikuwa na miaka miwili, hajasimama bado, nami nikiuza mayai ili nimnunulie mkate mweupe, nikidhani ndicho chakula bora cha watoto wa mjini. Jirani akanicheka: "Mama Musyoka, kuku wako wanalisha Nairobi nzima, na mwanao analamba makombo!"

Nikaanza kumchemshia yai kila siku. Asubuhi moja akashika mlango wa banda la kuku, akainuka. Nimeona maghorofa mengi yakijengwa hapa. Hakuna hata moja lililonistaajabisha kama magoti yale madogo yakinyooka.

Nyanya yako anayekuombea