Nakala Saba na Gari la Mama

Fleti Na. 7, Jengo la Suvarnarekha,
Barabara ya Gangapur,
Nashik.

8 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Kusum,

Shikamoo. Nainama miguuni pako kutoka huku mbali, nawe uniwekee mkono kichwani kutoka huko Calgary. U hali gani? Lile goti la kushoto limekubaliana na ngazi za nyumba mpya, au bado linagoma? Mjomba Shripad naye, ameacha kuweka sukari kwa siri kwenye chai, au sasa anaweka waziwazi?

Sisi huku tu wazima. Bibi anakula, analalamika na anashinda kila ubishi, kwa hiyo mamako mzazi hana ugonjwa wa kuripoti. Ndiye aliyeniamuru niandike kwa kalamu badala ya kupiga simu. Kwa maneno yake, sauti ya kwenye simu husahaulika kabla chai haijapoa, na yeye anataka barua hii uisome mara mbili.

Nianze na lile ulilolisubiri. Gari la petroli la rafiki yake Mjomba, alilokubali kutuwekea hadi sikukuu ya Diwali, mwambieni aliuze kwa moyo mweupe. Mama amekwisha kununua gari. Ni la umeme, dogo, la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na juzi Jumatatu amerudi nalo kazini. Nimeiandika sentensi hiyo nikaisoma tena, maana wiki tatu zilizopita nisingethubutu hata kuiota.

Hukuambiwa yote, Shangazi, kwa kuwa Mama alitukataza kukutia hofu. Sasa amenipa ruhusa. Mwezi wa Julai aliteleza na skuta kwenye tope la mlima wa kwenda kituoni kwake Vadpada, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika mahali pawili. Daktari alimfunga plasta na kumwambia kuwa habari ya skuta imekwisha maishani mwake. Basi la Vadpada, kama ujuavyo, lilifutwa tangu Machi. Ikaja barua ya ofisi yake: likizo ya ugonjwa inaisha, muuguzi aripoti kituoni ifikapo tarehe sita Oktoba, la sivyo nafasi itajazwa na yeye atastaafishwa, ilhali imebaki miaka minne pensheni yake itimie. Tangu Baba alipotutoka, mshahara huo ndio mchele wetu, ndio dawa za Bibi, ndio karo yangu ya Pune. Kilometa thelathini na nne za kwenda na thelathini na nne za kurudi ndizo zilizosimama kati yetu na vitu hivyo vyote.

Msimamo wangu kuhusu magari ya watu binafsi unaufahamu. Nimepanda juu ya meza ya chuo kikuu nikauliza mbele ya halaiki: ni haki gani hii, mtu mmoja kujifungia ndani ya chuma chenye viti vitano huku wakulima sabini wakisubiri basi lisilokuja? Swali hilo sijalifuta. Mwezi wa Machi tuliandamana kwa ajili ya basi la Vadpada, tukapewa ahadi iliyopigwa muhuri, na ahadi haina magurudumu. Niliporudi nyumbani mwezi wa Agosti nikamkuta Mama amezipanga karatasi za matangazo ya magari matatu juu ya meza, na Bibi kando yake anachambua dengu.

“Njoo, mwanamapinduzi,” akasema Bibi, “utuchagulie rangi ya viti.”

Niliikabili kazi hiyo kama tasnifu. Gari la kwanza lilikuwa lile fupi kupita yote, la milango miwili. Bei yake ilitabasamu, na linaegeshwa hata mahali pa kuegesha ng'ombe, lakini Bibi alipojaribu kupenya hadi kiti cha nyuma tulihitaji watu wawili kumtoa. Tena sanduku la baridi la kubebea chanjo halikuenea nyuma mpaka viti vilazwe. La pili lilikuwa la mkono wa pili, zuri kwa macho, ila muuzaji hakuwa na karatasi ya kuonyesha betri imebakiza nguvu kiasi gani. Palikuwa pia na mpango wa kununua gari kwa bei ya chini na kukodi betri yake kwa kila kilometa. Mama akauliza nani hununua ng'ombe halafu akakodi kiwele. Likabaki la tatu: milango mitano, limeinuka kutoka ardhini vya kutosha kwa barabara yetu, na dhamana ya betri ni miaka minane kwa maandishi.

Dukani alituhudumia kijana mmoja aliyechana nywele zake kwa uangalifu mkubwa. Alituambia gari hilo, lenye betri ndogo, hutembea kilometa mia mbili na hamsini. Mama akamtazama kwa upole ule anaowatazamia wajawazito wanaodai hawajala chumvi.

“Hizo kilometa, mwanangu, alikuwemo nani garini?”

“Mama, hizo ni za kiwandani.”

“Mimi siishi kiwandani. Naishi Gangapur na nazalisha Vadpada. Tupande twende.”

Tukaenda, Shangazi, sote wanne: Mama kwenye usukani akiwa ametoka kufunguliwa plasta, kijana kando yake, Bibi na mimi nyuma, sanduku la chanjo limejazwa chupa za maji, kiyoyozi kimewashwa makusudi. Mlimani gari lilipanda bila kuguna. Wakati wa kushuka likawa linarudisha umeme kidogo kila Mama alipoinua mguu, jambo lililomfurahisha kuliko yote. Tuliondoka na asilimia mia, tukarudi dukani na hamsini na tatu.

Hapo mimi nikatoa hotuba ya kutetea betri kubwa. Nikataja uchakavu wa betri, mvua, dharura, na mustakabali. Betri kubwa ilizidisha bei kwa karibu laki mbili. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mimi siendi Delhi, Mugdha. Naenda kazini.” Hesabu yake ilikuwa sahihi: siku yake nzima hula chini ya nusu ya betri ndogo, na iliyobaki inamtosha hata akiitwa kurudi kwa mzazi. Rupia laki nane na ushei, basi. Tungelipia na kulichukua siku ya sikukuu ya Dasara, tarehe mbili Oktoba.

Lakini gari la umeme lisilo na pa kuchajiwa ni kabati. Vadpada hakuna mtambo wa kuchajia. Tegemeo letu lilikuwa soketi moja ya kawaida chini ya jengo, penye nafasi yetu ya kuegesha. Mwenyekiti wa jumuiya ya wakazi, Mzee Namdev Pingle wa fleti ya kwanza, fundi wa nguzo za umeme aliyestaafu, alikuwa amebandika tangazo la mstari mmoja: “Hairuhusiwi kuchaji gari chini ya jengo.” Mstari mmoja, bila sababu.

Unanijua, Shangazi. Je, ningenyamaza? Mwanamke aliyezalisha nusu ya tarafa azuiwe na karatasi ya kiganja kimoja? Niliandika kurasa nne. Nilinukuu Katiba na miongozo ya serikali, nikamwita mwenyekiti mtawala asiyejieleza, nikadai aondolewe. Nikakusanya saini za fleti nane kati ya kumi na mbili. Mwishoni nikafanya kama tufanyavyo sote katika harakati, na kama afanyavyo kila Mhindi mwenye malalamiko na kalamu: nikaandika “Nakala kwa”, kisha orodha. Msajili wa vyama vya ushirika, mkuu wa wilaya, manispaa, ofisi ya umeme, na wengine watatu. Nakala saba, kila moja nikaipeleka na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyekwisha kushinda.

Mkutano wa mwaka wa jumuiya ulifanyika tarehe kumi na nne Septemba. Nilizungumza dakika ishirini. Watu walipiga makofi. Mzee Pingle alikuwa ameketi ameshikilia tochi mapajani, mchana kweupe.

“Umemaliza, mwanangu?”

“Kwa leo nimemaliza, Mzee.”

“Umewahi kuingia chumba cha mita?”

Nikakiri kuwa sijawahi.

“Basi twende. Hotuba tuiache hapa, haina pa kwenda.”

Akanimulikia waya mkuu. Uliwekwa mwaka jengo lilipojengwa, 1991, wakati fleti nzima ilikuwa na feni mbili na taa. Ganda lake lilikuwa kahawia kama chapati iliyosahauliwa jikoni, na mahali pamoja limepasuka. “Nimepanda nguzo miaka thelathini na moja,” akasema. “Huu ukiutwika gari kwa saa tano kila siku, siku moja mtakosa gari na jengo.” Kisha akafungua faili aliyokuwa nayo kwapani. Tangu Julai, wiki ileile aliposikia Mama ameanguka, alikuwa amepeleka ombi la waya mpya mnene na mita ya pekee kwa ajili ya gari.

“Mbona hukutuambia, Mzee?”

“Nitangaze kitu ambacho ofisi haijatoa? Nilifanya kazi kwenye ofisi hiyo. Naijua.”

Karatasi ya mwisho katika faili ilikuwa jibu lililowasili siku tatu kabla. Lilisema ombi limesitishwa hadi mgogoro wa uongozi wa jengo utatuliwe. Nyuma yake, kama ushahidi, ilikuwa imebanwa nakala yangu ya nne, muhuri na yote.

Shangazi, nimesimama mbele ya marungu ya polisi nisirudi nyuma hatua moja. Mle chumbani nilirudi nyuma hadi ukutani. Zilibaki siku ishirini na mbili, na aliyefunga njia ya Mama nilikuwa mimi, kwa hati nzuri na lugha fasaha.

Nilipomweleza Mama, alikuwa anamenya vitunguu saumu kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado mdhaifu.

“Ziko saba?”

“Saba, Mama.”

“Kazirudishe kwa miguu yako mwenyewe.”

Nilizirudisha. Ofisi saba, barua saba za kufuta madai, safari hii nusu ukurasa tu. Karani mmoja aliigeuza karatasi nyuma na mbele akaniuliza, “Dada, zile kurasa nyingine tatu ziko wapi?” Nikapanda na kushuka ngazi za jengo kutafuta saini za kumthibitisha mwenyekiti. Jirani wa fleti ya tatu alinifungulia akiwa na kalamu tayari. “Leo nasaini nini? Mzee aondoke au abaki?” Nikajibu abaki. “Haya. Kesho usije na la tatu.” Mzee Pingle naye alishinda ofisi ya umeme siku baada ya siku, ameketi kwenye benchi miongoni mwa vijana aliowafundisha kupanda nguzo, mpaka wakachoka kumpa chai.

Tarehe ishirini na tisa mafundi walikuja. Waya mpya ukapita, mita ikafungwa, soketi ikawekwa kisanduku chenye kufuli. Nilimwomba Mzee radhi mbele ya wote waliokuwa wamenipigia makofi. Akasema, “Hotuba ilikuwa nzuri. Mwakani uje useme kuhusu tangi la maji. Hilo ndilo lenye makosa.”

Siku ya Dasara tulilichukua gari likiwa na shada la maua ya njano puani. Bibi alidai ndimu nne chini ya magurudumu manne, za kufukuza kijicho. Nilianza kutoa maoni yangu kuhusu ndimu, Mama akanitazama, nami nikashika sahani ya manjano ya kulibarikia gari. Gari lilizikanyaga ndimu kimya kimya, Bibi akasema hajawahi kuona gari lenye adabu kiasi hicho.

Kuhusu hofu zako mbili. Uliuliza kama betri hulipuka: waya wetu wa zamani ulikuwa wa kuogopwa kuliko betri hiyo, na waya huo haupo tena. Uliuliza kama Mama atakwama njiani: jana amerudi na asilimia hamsini na nne, naye alipitia sokoni.

Jumatatu saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi alinipigia simu kutoka Vadpada. “Nimesaini daftari,” akasema, na nyuma yake nikasikia mtoto mchanga akilia na mwanamke akiuliza kadi yake ya uzazi iko wapi. Nilikaa chini pale pale ukumbini. Bibi akanirushia kitambaa cha dengu nijifutie uso.

Nitarudi Pune keshokutwa, na harakati ya basi inaendelea. Sasa kabla sijaandika ukurasa wa kwanza nitaomba kuona faili. Leo asubuhi niliamka nikidhani Mama bado yupo jikoni. Hakuwepo. Sikusikia akiondoka, kwa kuwa gari halina sauti. Nilishuka chini kutazama, nikakuta nafasi yetu tupu na waya wa kuchajia umekunjwa vizuri, umetundikwa mahali pake.

Nisalimie Mjomba Shripad, kaka Omkar na mkewe Rutuja, na kale katoto kao kasikotaka kulala. Bibi anasema uvae soksi nzito. Mama anakusalimu sana. Atakuandikia mkono wake utakapozoea tena kalamu. Mola awafunike kwa amani, awape joto katika baridi hiyo, na atukutanishe sote tukiwa na afya.

Ni mimi, bintiye kaka yako, nikupendaye daima,

Mugdha Khairnar