Wimbo wa Kupandishia Zege

Tukuyu, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Lusungu,

Ugonile? Huku sisi wazima, mvua inatunyeshea kila siku. Mama goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Na wewe huko Chamazi vipi, afya, joto, kazi?

Usishangae kukuta barua ndani ya boksi la ndizi nililokutumia kwa basi. Kwenye simu umenichosha. Nikikuuliza hali, unasema "poa". Mama akikuuliza, "poa". Juzi nikakwambia paka kazaa watoto sita juu ya godoro lako, ukasema "poa". Sasa utaniandikia kwa kalamu, na barua yenye neno hilo nairudisha kwa basi hilohilo.

Halafu kuna jambo linanikosesha raha. Ulikuwa ukitupigia kutoka saiti tukusikie ukiimbisha wenzako, watu wamejipanga mstari, karai la zege linapita mkono kwa mkono mpaka ghorofani, sauti yako ndiyo inawapeleka. Mama alikuwa anaweka spika majirani wasikie. Tangu kabla ya Krismasi hatujasikia hata ubeti mmoja. Kulikoni?

Dada yako,
Sekela

Chamazi, 25 Februari 2024

Shikamoo dada,

Mie mzima. Ndizi zimefika, chache zimepondeka. Kazi ipo. Kuimbisha nimeacha, koo linauma. Siku hizi nabeba kokoto huku chini.

Msalimie mama. Hao paka gawa.

Mdogo wako,
Lusungu

Tukuyu, 10 Machi 2024

Lusungu mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta unapumua. Sie hatujambo.

Koo gani hilo linauma miezi mitatu? Nimempigia Gervas, si mko naye kwenye genge moja? Usimgombeze, nilimbana. Kasema mwenzenu Kornelio alianguka na tangu siku hiyo unakula peke yako, Jumapili hupumziki, unabeba kokoto kama umelaaniwa. Kasema wenzako wanakusifia bidii.

Bidii hiyo naijua. Mwaka ule nilipomzika mwanangu, kesho yake kutwa nzima nilikuwa shambani nachuma chai. Kapu langu lilikuwa la kwanza kujaa, kila mtu akasema Sekela ana moyo. Moyo wapi! Nilikuwa naogopa kukaa. Mpaka nesi wa kituo cha afya aliponiuliza mara ya mwisho nimelala lini, nikalia mbele yake nusu saa nzima.

Niandikie kilichotokea. Usiponijibu napanda basi, na mama namleta.

Dada yako anayekupenda,
Sekela

Chamazi, 14 Aprili 2024

Shikamoo dada,

Mama usimlete, chumba ni kimoja. Naandika. Barua hii nimeianza mara nne.

Ilikuwa tarehe 16 Desemba. Wingu limetanda, zege la ghorofa ya pili liko nusu. Msimamizi akaniambia, kaza wimbo, mvua hiyo inakuja. Nikakaza. Dada, anayeimbisha ndiye mwenye mwendo. Akikimbiza wimbo mikono inafuata, hata aliyechoka habaki nyuma, maana karai linamjia. Kornelio alikuwa juu ya ngazi ya mbao. Nilimwona anahema. Nilimwona kabisa. Nikasema moyoni tukimaliza atapumzika, nikaongeza mwendo. Akateleza, akavunjika nyonga.

Yuko kwake Mtoni. Sijaenda kumwona hata siku moja. Nafikaga kituoni nageuza, sina uso wa kumtazama. Usingizi hauji. Mtu akiimba kidogo tu kifua kinanibana. Kuna asubuhi natamani nisingeamka. Saiti nikisema hivyo wataniona nimedeka, mwanaume wa zege analia nini? Ndiyo maana nasema poa.

Mdogo wako,
Lusungu

Tukuyu, 19 Aprili 2024

Lusungu wa mama yangu,

Jana tumelia kwenye simu mpaka salio likakata, kwa hiyo salamu tumeshapeana. Gervas ameniahidi atalala kwako wiki hii. Mvumilie, najua anakoroma.

Ninakupenda. Nataka uamke kila asubuhi, hata ukiamka na hasira.

Umeandika neno "poa", basi barua yako nairudisha kama nilivyoahidi. Imo humu. Jumatatu nenda nayo hospitali, Gervas atakusindikiza. Ukishindwa kusema, mpe daktari asome.

Na lile fungu la ndizi lililofungwa kamba nyekundu si lako, ni la Kornelio. Zitaiva Jumapili. Ukizila nitajua.

Dada yako,
Sekela

Chamazi, 2 Juni 2024

Shikamoo dada yangu,

Hujambo wewe, na goti la mama? Nisamehe kukaa kimya, simu fupifupi zile hazikutosha.

Hospitali nimeshaenda mara nne. Siku ya kwanza daktari, mama mmoja anaitwa Demetria, akaniuliza hali, nikajibu poa. Gervas akanikanyaga mguu! Nikatoa barua. Akaisoma taratibu, akaniambia huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine na unatibika. Sasa nalala. Si kila siku, ila nalala.

Ndizi zako zilianza madoa nikaona dada utaniua, nikaenda Mtoni. Kornelio alikuwa amekaa kibarazani. Akanitazama wee, akasema, "Miezi minne, Lusungu! Nilidhani mmenikasirikia nimewaharibia kazi."

Nikamwambia yote, kwamba nilimwona anahema na bado nikakaza. Akasema, "Nilijua umeniona. Na mie ningepiga kelele nimechoka, nikaona aibu. Lakini kutokuja kwako kumeniuma kuliko hii nyonga." Nikamwomba msamaha. Tukala ndizi.

Halafu akachukua magongo yake. Ameagizwa atembee kila siku kutoka kibarazani mpaka bombani, na kila siku anaishia njiani. Akaniambia, "Imbisha." Nikasema koo. "Imbisha bwana, ila safari hii unifuate mie."

Dada, niliimba nikiangalia miguu yake. Gongo likitua ndipo natoa neno, akipumzika nami nameza mate nasubiri. Wapangaji wenzake wakaanza kuitikia. Tulifika bombani, akalowesha uso, akasema turudi.

Tangu hapo kila Jumapili niko Mtoni. Saiti pia nimerudi kuimbisha. Msimamizi nimemwambia mwendo utakuwa wa yule aliyechoka kuliko wote. Alinuna, lakini genge zima liliniunga mkono, akakubali.

Jumapili ijayo saa nne nitawapigia tukiwa tunatembea. Weka spika mama asikie. Wimbo wenyewe unakwenda polepole sana, msije mkakata simu mkidhani ni mtandao.

Mdogo wako,
Lusungu