Maneno ya Baba Mkubwa Kwenye Kioo

Muhima, Kigali
20 Novemba 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mvua zinanyesha, na mjukuu wako Shallon ameota jino. Nimepata kazi ya kompyuta katika ofisi ile ile ya baba mkubwa Jean-Berchmans.

Jumatatu umeme uliporudi, niliwasha mashine yake, nikafungua faili yake ya mwisho. Kioo chake cheusi kimegawanywa katika madirisha mawili, na dirisha la chini lilikuwa bado na ujumbe aliomwachia mwenzake: "Béatha, chai yangu usiimwage, narudi sasa hivi. J.B."

Nikamsikia kabisa, kama alipokuja huko Karagwe akakutania mbele ya wanafunzi wako, nawe ukacheka mpaka chaki ikakudondoka.

Mkuu wangu, Karangwa, akasema taratibu, "Kirezi, futa dirisha hilo. Tunataka kuandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi."

"Ningoje kidogo, mzee."

Niliyanakili maneno yote kwenye karatasi, kisha nikayafuta mwenyewe.

Baba, usiendelee kumsubiri. Majirani zake wa Kagarama wamenionyesha alipozikwa.

Karatasi nimeiweka humu. Mwandiko ni wangu, maneno ni ya kaka yako.

Mwanao akukumbukaye,
Kirezi