Mikindu ya Bondeni

12 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, labda mafua ya huku tu. Goti lako je, linakuruhusu kulala? Vikapu vimefika salama. Tajiri wa duka amevipanga dirishani, mbele kabisa, na wateja wanasimama kuvinusa, ati ukindu unanukia mvua! Anataka vingine haraka, vyenye mishikio mirefu. Mwambie mama mdogo ile rangi yake nyekundu imewatia watu wazimu.

Binti yako

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tupo, tunasukuma siku. Goti ni lilelile, uzee hauna likizo.

Vikapu vitachelewa. Kampuni ya mashamba imelizungushia bonde uzio, inasema halikuwa na mwenyewe. Halina mwenyewe! Bibi yangu alikata ukindu pale, na bibi yake kabla yake. Tulikwenda kuuliza. Mlinzi, kijana wa watu, akatuambia, "Mama zangu, rudini. Mimi nimetumwa tu."

Mamako mdogo akamjibu, "Basi kamwambie aliyekutuma: hatukati mti, tunakata makuti machanga, na mengine yanachipua."

Sasa anasema atapenya alfajiri. Nimemkataza, lakini unamjua: ukimkataza ndiyo umemtuma.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya tangu barua yako ya uzio? Mnaumwa? Tajiri ananiuliza vikapu kila asubuhi. Nimemweleza habari za uzio, akasema wako wasusi wengine, na wauzaji wengine pia. Mama, nikifukuzwa hapa nitakula nini, na nyinyi mtakula nini? Mwache mama mdogo aende, mradi asionekane. Akate hata mzigo mmoja.

Nijibu upesi.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe, mkono ulikuwa mzito.

Mamako mdogo hayupo tena. Barua yako ilifika siku tuliyomzika. Nikaificha ndani ya nguo, mtu asije akaniomba nimsomee. Usijitese, alikwenda kabla haijafika. Mlinzi alisikia makuti yakikatwa, akafyatua bunduki. Anasema alidhani ni mnyama. Tulimkuta amelalia mzigo wake. Polisi walimchukua yule kijana, wakamrudisha kazini udongo wa kaburi haujakauka.

Mwambie tajiri wako asingoje. Kampuni inang'oa mikindu yote, na imetafuta vibarua. Tumekwenda, karibu wasusi wote, maana njaa haijui kununa. Vidole hivi vilivyokuwa vikisuka ukili usiku na mchana, sasa vinashika sururu. Mizizi ya mkindu ni migumu, mwanangu. Sikuwahi kujua, sikuwahi kuwa na sababu.

Anayetusimamia ni yuleyule mlinzi. Jana jua lilipokuwa kali aliniletea maji kwenye kopo, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Wenzangu wakaacha kuchimba, wakanitazama.

Nilikuwa na kiu. Nikaitikia, nikanywa.

Mama yako