Nani Atachukua Ufunguo

Migwani,
Jumapili mchana

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Goti limepoa, ama bado linakusumbua ukiamka? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kavata akusomee pole pole, na huyo dada yangu asiruke mahali. Ningepiga simu, lakini kwa simu ningelia, na wewe ungeninyamazisha kabla sijamaliza.

Mama, sirudi Mbumbuni muhula ujao. Wacha niseme tu mapema, kabla hujaanza kunitayarishia chumba.

Unakumbuka vile nilikuringia na smatibodi yetu? Ule ubao mkubwa mweupe wa kuguswa na kidole: unagusa picha ya moyo, inaanza kudunda, na watoto wa darasa la tano wanapiga mayowe. Siku ililetwa, mwalimu mkuu aliuliza nani ataweka sahihi kwa kitabu cha vifaa, awe ndiye wa kuulizwa ubao ukiharibika. Wenzangu wote wakaangalia viatu. Mimi nikainua mkono, kiherehere changu hicho! Nikapewa ufunguo wa geti ya chuma ya hilo darasa, na tangu siku hiyo umekaa shingoni kama kengele ya mbuzi.

Sasa, ile Jumamosi nilikuja kukuona ukiwa mgonjwa, niliacha ufunguo na Mama Kioko, kiongozi wa akina mama wa kanisa, kwa sababu Jumapili kanisa linaabudu kwa hilo darasa. Wageni walikuwa wanakuja. Mama Kioko na wenzake wakaona ubao umejaa alama za vidole, wakauonea huruma. Mama, waliusugua na majivu na waya! Vile wewe ulitufundisha kusugua sufuria ya mahindi ya muthokoi mpaka ujione uso. Uling'aa, siwezi kudanganya. Lakini nusu ya chini ilikufa, hata ukigusa na kidole gumba haisikii. Mama Kioko alilia mpaka ikabidi mimi ndiye nimbembeleze.

Siku hizi nafundishia nusu ya juu. Watoto wanapanda dawati ndio wafikie. Na ile fomu yangu ya transfa ya kurudi huko nyumbani, ambayo huko juu walishaikubali, imelala kwa droo ya mwalimu mkuu. Aliniambia, "Mwalimu Ndanu, sikukatazi kwenda. Leta mtu mmoja tu aweke sahihi, achukue huo ubao vile ulivyo. Siku hiyo hiyo nasaini yako."

Nimezunguka stafrumu na hicho kitabu kama mtu anayeuza nyanya. Huyu ana macho mabaya, yule anasema yeye ni wa chaki mpaka kaburini. Nimechoka, Mama. Usiku na mchana nimefungwa na kitu ambacho hata hakina mdomo wa kuniambia pole.

Alhamisi akaja mwalimu mpya, Mwikali, msichana wa Makueni kama mimi. Kuona ubao, akapiga makofi. Hakuuliza hata mbona watoto wanapanda dawati.

"Madam, hii naiweza! Nisaini wapi?"

Biro ilikuwa mkononi mwangu tayari. Kitabu nilikuwa nimeshakifungua. Nikajikuta namuuliza, "Nyumbani umeacha nani?"

"Mama tu, peke yake. Lakini nimemwambia ni mwaka mmoja."

Hata mimi nilikuambia hivyo. Huu ni wa sita.

Nikafunga kitabu, nikamwambia biro imeisha wino.

Usinikasirikie, Mwaitu. Msalimie Kavata, na mjomba anayekuletea maji, umwambie atengeneze paa la jikoni, asinisubiri. Msalimie pia pasta wetu, anikumbuke kwa maombi, na amkumbuke Mama Kioko, bado ananiepuka sokoni.

Ni mimi binti yako, ninayekuandikia na hiyo hiyo biro,

Ndanu